Prosesa mbili bila kelele: hitisinki gani itafaa?

Swali: Nina chumba kidogo cha kurekodi sauti na kuhariri video nyumbani, Kasarani, Nairobi. Nimenunua madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya mitumba ya Supermicro, kizazi cha X10, yenye soketi mbili (mahali prosesa zinapokaa) za LGA2011-3, pamoja na prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4 na vipande vinane vya RAM ya ECC (ile inayojisahihisha makosa). Nimeiweka ndani ya kasha kubwa la kusimama. Hitisinki, yaani vifaa vya kupoza prosesa, zilizokuja nayo ni vipande vifupi vya chuma visivyo na feni. Muuzaji aliniambia nifunge feni yoyote juu. Nimefunga, na sasa mashine inanguruma, inatulia, inanguruma tena kila baada ya sekunde chache, na maikrofoni inanasa yote. Ninunue hitisinki gani? Na je, zitakaa kimya kweli video zikichakatwa usiku kucha?

Jibu: Usinunue kwanza, ndugu msomaji. Chukua rula na tochi, fungua kasha, upime vitu vinne. Kosa la bei ghali zaidi kwenye kazi hii ni kurudi nyumbani na hitisinki nzuri mbili ambazo skrubu zake hazikutani na matundu ya bodi.

Kipimo cha kwanza ni matundu ya kufungia. Soketi ya LGA2011-3 imezungukwa na fremu ya chuma yenye matundu manne yenye nyuzi za skrubu ya M4. Fremu hizo ni za aina mbili. Kwenye ile ya mraba, matundu yako umbali wa milimita 80 kwa 80. Kwenye ile nyembamba ni milimita 56 kwa 94. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jingine, wala usikisie kwa macho. Bodi za seva hutumia sana fremu nyembamba ili nafasi za RAM zisogee karibu na prosesa, ilhali hitisinki nyingi za kompyuta za nyumbani, kama Noctua NH-U12S, NH-U9S au Cooler Master Hyper 212 EVO, hufunga kwenye mraba tu. Kwenye boksi zimeandikwa LGA2011, jambo ambalo ni kweli, lakini maandishi hayo hayatakuokoa ikiwa fremu yako ni nyembamba. Kwa fremu nyembamba tafuta zile zilizoundiwa Xeon: Noctua NH-U9DX i4, NH-D9DX i4 3U na NH-U12DX i4 zina vifaa vya kufungia aina zote mbili.

Kipimo cha pili ni umbali kati ya soketi na soketi, tena katikati hadi katikati. Hitisinki ya feni ya milimita 120 huwa na upana wa karibu milimita 125. Soketi zikiwa ubavu kwa ubavu na umbali wao haufiki hapo, hazitaingia mbili. Zile za feni ya milimita 92, zenye upana wa karibu 95, zitaingia.

Cha tatu ni kimo. Pima kutoka uso wa prosesa hadi kifuniko cha kasha. NH-U12S na NH-U12DX i4 zina kimo cha milimita 158, NH-U9S na NH-U9DX i4 zina 125, na NH-D9DX i4 3U ina 110. Acha angalau milimita tatu juu, kwa sababu kifuniko kikigusa ncha za mirija ya joto kitatetemeka, na mtetemo huo utausikia kwenye maikrofoni kabla ya kuuona.

Cha nne hupimwa kwa kuangalia tu: vipande vya RAM vimelala kuelekea upande gani? Kwenye bodi za seva, hewa imekusudiwa kupita sambamba na RAM, kama maji yanavyofuata mifereji ya shamba. Hitisinki yako lazima ipulize upande huohuo. Kwenye fremu ya mraba, hitisinki nyingi unaweza kuzizungusha robo duara. Kwenye nyembamba huna uhuru huo, kwa hiyo tazama mchoro wa mtengenezaji kabla ya kulipa.

Sasa tuzione hizo ulizonazo. Vipande hivyo vifupi si vibovu. Vimeundiwa seva ya kulala kwenye rafu, ambamo feni ndogo zinazozunguka mara maelfu kwa dakika husukuma hewa kwa nguvu ndani ya njia iliyofungwa kwa plastiki. Mapezi yake, yaani mabati membamba ya kutoa joto, yamebanana sana, na hewa ya feni tulivu haina msukumo wa kuyapenya, kwa hiyo hugonga juu na kutawanyika. Ukifunga feni yenye nguvu ya kutosha, unarudisha kelele ileile ya seva chumbani. Ziweke kando.

Kinachotuliza mashine ni eneo kubwa la mapezi yaliyoachana kidogo, pamoja na feni pana inayozunguka polepole. Sababu yake iko kwenye hesabu. Hewa inayosukumwa hupanda na kushuka sambamba na mizunguko, lakini kelele hushuka kwa kasi zaidi: feni ikipunguzwa hadi asilimia 60 ya mizunguko yake, bado inasukuma asilimia 60 ya hewa, ila kelele yake imeshuka kwa karibu desibeli 11. Ukishusha hadi nusu, ni karibu desibeli 15. Sikio la binadamu husikia tofauti ya desibeli 10 kama kelele iliyopungua nusu hivi. Ndiyo maana hitisinki kubwa ni akiba: inakuruhusu kushusha feni.

Prosesa mbili zina adhabu ndogo. Feni mbili zinazofanana huongeza desibeli 3 juu ya moja, nne huongeza 6. Feni ya Noctua NF-F12 PWM imekadiriwa desibeli 22.4 kwenye mizunguko 1,500. Mbili zitakuwa 25.4. Zishushe hadi 900 na zote mbili kwa pamoja zitakuwa kimya kuliko moja iliyo kwenye kasi kamili. Kwa hiyo sikushauri ufunge feni mbili kwa kila hitisinki. Ya pili hupunguza digrii chache tu, na fedha hizo zina kazi bora zaidi kwenye kasha, kama utakavyoona hapa chini.

Kuna jambo la Nairobi ambalo majaribio yaliyofanywa Ulaya hayalitaji. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye joto lilelile hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Feni ikizunguka mara 900 inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini uzito wa hewa hiyo ni mdogo, na uzito ndio unaobeba joto. Ukisoma kwamba hitisinki fulani iliiacha prosesa kwenye digrii 40 juu ya joto la chumba, jiongezee nne hadi sita. Faraja ni kwamba vyumba vyetu havina joto la pwani, na usiku wa Julai utakurudishia digrii hizo zote na zaidi. Mwezi wa Februari mchana ndio mtihani wenyewe, kwa hiyo chagua ukiwa na Februari akilini.

E5-2680 v4 ina wati 120, kwa hiyo unashughulikia wati 240. Huo si mzigo mkubwa kwa hitisinki za mnara, yaani hizi ndefu za kusimama. Uamuzi wangu ni huu. Fremu yako ikiwa ya mraba, soketi zikiwa na nafasi na kasha likiwa na kimo cha milimita 162 au zaidi, chukua NH-U12S mbili. Ni nyembamba, milimita 45 bila feni, kwa hiyo hazifuniki RAM. Ukibanwa na bajeti, Hyper 212 EVO mbili zitafanya kazi vizuri, mradi ubadilishe feni zake baadaye zikianza kuguguna. Fremu ikiwa nyembamba, chukua NH-U12DX i4 kama soketi zimeachana vya kutosha. Kama zimekaribiana, chukua NH-U9DX i4. Hizi za milimita 92 zitahitaji mizunguko mingi zaidi, labda 1,200 hadi 1,400 kazi ikiwa nzito, na sauti yake ni nyembamba zaidi, lakini bado ni sauti ya kawaida ya chumba. Nunua mbili za aina moja. Ukichanganya, prosesa mbili zitapata joto tofauti na bodi itaifuata iliyo moto zaidi.

Mifumo ya maji siipendekezi kwako. Inakuletea pampu mbili, na pampu ina mlio mwembamba usiokoma hata mashine ikiwa imepumzika, mlio ambao maikrofoni huupenda.

Ukinunua za mitumba kwenye maduka ya Luthuli au Moi Avenue, hesabu vifaa vya kufungia kabla ya kutoa pesa. Kwa kila NH-U12S kwenye soketi hii unahitaji nguzo nne za M4, vyuma viwili vya kushikilia na nati nne za kukaza kwa vidole. Mbili ni mara mbili ya hayo. Usikubali nguzo zilizotoka kwenye kompyuta za kawaida za soketi ya LGA1151, kwani hizo hufungwa na bamba la nyuma na nyuzi zake si hizi. Wapo wanaokimbilia Kirinyaga Road kutafuta boliti za M4 za kawaida. Boliti zitaingia, ndiyo, lakini hazina kikomo wala springi, na hujui unabana kwa nguvu gani. Kwenye soketi ya LGA, mbano usio sawa hufanya baadhi ya pini zisiguse vizuri, na dalili yake huwashangaza watu: mashine inawaka vizuri, ila nafasi moja au mbili za RAM za prosesa ya pili hazionekani. Mtu hubadilisha RAM mwezi mzima kumbe tatizo ni skrubu. Noctua huuza na hata kutoa vifaa hivyo vya kufungia kwa anayeonyesha risiti, kwa hiyo waulize wao kwanza.

Kwa kufunga, toa madabodi nje ya kasha, uilaze juu ya boksi la kadibodi. Futa pesti ya zamani (krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Uso wa prosesa hii ni mkubwa, kwa hiyo tone moja katikati halitoshi kila mara: weka tone la milimita nne katikati, na matone madogo manne ya milimita mbili kuelekea pembe. Shusha hitisinki wima, usiiburute. Kaza nati upande huu mizunguko miwili, upande wa pili miwili, ukipishana hivyo hadi zigome zenyewe, zikigoma, acha. Pesti iwe ya kuaminika kama NT-H1 au Arctic MX-4. Ile nyeupe ya bei ya chini kabisa hukauka na kupasuka, na kuitoa tena kwenye prosesa mbili ni kazi ya jioni nzima.

Kabla ya kufunga kasha, angalia waya wa feni. Unataka pini nne. Pini ya nne hubeba ishara ya PWM ambayo bodi huitumia kupunguza kasi. Bodi nyingi za seva hazipunguzi volti, kwa hiyo feni ya pini tatu itaendelea kwenye kasi kamili daima, hata iwe ya kampuni nzuri namna gani.

Hapo ndipo tunafika kwenye ngurumo yako ya kuja na kwenda. Karibu kwa hakika hiyo si joto. Kidhibiti cha bodi, yaani chipu inayosimamia feni na vipimo vya joto, hulinda kila feni kwa kizingiti cha chini cha mizunguko. Kikiona feni imeshuka chini ya kizingiti, kinaamini imekufa, na kinazipandisha feni zote hadi asilimia 100. Feni ikipanda, kidhibiti hutulia na kuishusha, nayo inapita tena chini ya kizingiti. Mzunguko huo hauishi. Kwa bodi ya seva hiyo ni kazi sahihi, lakini feni tulivu za mnara zinaweza kushuka hadi mizunguko 300 au 400 kwa dakika, na kizingiti kimepangiwa feni za kasi. Yaani hata ukinunua hitisinki bora kuliko zote, ngurumo itabaki usiporekebisha jambo hili.

Kwenye Linux, sakinisha programu ya ipmitool, kisha andika:

sudo ipmitool sensor

Itakuonyesha kila feni, mizunguko yake na vizingiti vyake. Tafuta majina ya feni za prosesa, kwa mfano FAN1 na FAN2, kisha:

sudo ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300

Rudia kwa FAN2 na kwa kila feni ya kasha. Namba hizo tatu ni ngazi za onyo kutoka ya chini kabisa kwenda juu. Bodi inaweza kuzisogeza kidogo hadi namba iliyo karibu, hilo lisikusumbue. Usiweke sifuri, kwa sababu bado unataka kujua siku feni itakapokufa kweli. Kisha ingia kwenye ukurasa wa kidhibiti kupitia kivinjari, uchague hali ya feni ya "Optimal", ambayo huanzia karibu asilimia 30, badala ya "Standard" inayoanzia karibu 50. Feni za prosesa na za mbele ziunganishe kwenye FAN1, FAN2 na zinazofuata. Zile zilizoandikwa FANA na FANB ni kundi jingine linalolinda kadi, na halifuati joto la prosesa. Ukisasisha programu ya kidhibiti, vizingiti vinaweza kurudi vya zamani, kwa hiyo vikague tena.

Sasa kasha, ambako watu wengi huachia kazi njiani. Hitisinki haiui joto, inalihamisha tu kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hewa ya kasha. Ili hewa ipande kwa digrii 10 tu ikibeba wati 240 katika Nairobi, unahitaji karibu mita za ujazo 90 kwa saa zipite ndani. Ongeza kadi ya picha ya wati 150 na unafika karibu 145. Feni ya milimita 140 inayotajwa kuwa na mita 140 kwenye kasi kamili hutoa karibu nusu yake ikikabiliana na chujio na waya, na sehemu yake tu ukiipunguza mizunguko. Kwa hiyo weka tatu mbele kwenye mizunguko 800 hadi 900, na moja nyuma. Tatu polepole ni tulivu kuliko moja inayohangaika.

Hewa hiyo ya mbele ina kazi nyingine. Hitisinki ya mnara hupuliza mbele kwenda nyuma, haipulizi chini kwenye bodi, na vifaa vya kugawa umeme vilivyo kando ya soketi vilizoea upepo wa seva. Feni moja ya mbele na iwe kwenye usawa wao. Ukisahau, prosesa zitasoma digrii 60 nzuri huku sehemu ya umeme ikiungua polepole.

Kama soketi zako zimefuatana kwenye njia ya hewa, ya nyuma itavuta hewa iliyokwisha kupashwa na ya mbele. Tofauti ya digrii tano hadi nane hapo ni ya kawaida. Ikizidi kumi, au ikiwa soketi ziko ubavu kwa ubavu na bado moja iko moto zaidi sana, shuku pesti au ukazaji. Fungua hiyo moja uirudie.

Jaribu kwa kazi yako halisi, si kwa programu za kutesa prosesa ambazo hutoa joto usilowahi kuliona. Endesha uchakataji wa video kwa dakika 40, kasha likiwa limefungwa, kwa sababu joto la kasha huchukua muda kutulia. Soma kwa HWiNFO kwenye Windows au amri ya sensors kwenye Linux. Chini ya 75 mchana wa joto uko salama, na una nafasi ya kushusha feni zaidi. Kati ya 75 na 85 acha feni zilivyo. Juu ya hapo kuna kosa mahali, kwa sababu wati 120 kwenye mnara mzuri hazifiki huko.

Na kwa saa za kurekodi, iko njia isiyogharimu senti. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99. Hilo huzima Turbo Boost (kujipandisha kasi kwa prosesa), prosesa zinabaki kwenye kasi yake ya msingi ya gigahezi 2.4, na wati hushuka vya kutosha feni zikae kwenye kiwango cha chini kabisa. Tengeneza mipango miwili: mmoja wa 99 wa kurekodi, mmoja wa 100 wa kuchakata usiku ukiwa umefunga mlango.

Vumbi litakupima kila kiangazi, hasa kama barabara yako haina lami. Osha vichujio vya mbele kila mwezi, kuanzia Januari hadi Machi, na mapezi yapulize kila miezi mitatu. Shika pangaboi la feni kwa kidole unapopuliza, lisizunguke ovyo na kuharibu beringi. Siku ya kuhama nyumba, laza kasha ubavu ili madabodi iwe chini na minara isimame wima. NH-U12S moja pamoja na feni ina karibu gramu 755, na mbili zikining'inia juu ya matuta ya barabarani hupinda bodi. Kama kasha haliwezi kulazwa garini, zifungue na uzibebe mkononi.